Gari Lililogoma Mbele ya Kanisa

Gari langu linakunywa mazutu, yaani dizeli, na lina umri mkubwa kuliko binti yangu aliyeolewa. Kila Ijumaa hubeba jibini zangu kutoka Nyamitaba hadi Sake. Miaka kumi na miwili dereva ni yule yule, Callixte, mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa polepole mpaka unatamani kumvuta ulimi. Mimi sina subira ya kungoja maneno ya mtu yafike. Mtengeneza jibini akizubaa, maziwa yanaharibika.

Ijumaa ile alikuja jikoni na bidoni tupu, lile dumu la plastiki, mkononi. Alikuwa ametoka kumimina mazutu kwenye tangi.

"Mama Libérata, hii bidoni..."

"Bidoni iko na nini? Nilikupa bidoni safi! Pakia fromaje, jua iko nawaka."

Bidoni yenyewe ilikuwa ya maziwa. Ile ya mazutu ilipasuka Jumatano, nikampa hii. Kwangu hakuna chombo kinachotoka jikoni kabla sijakiosha kwa maji ya moto, na Masisi nzima wanalijua hilo.

Gari liliwaka vizuri, nami nimekaa pembeni ya Callixte. Likapanda mlima, likafika mbele ya kanisa, likakohoa mara mbili, likanyamaza. Na bila shaka ilikuwa saa ile ile watu wanatoka misa ya asubuhi. Callixte alizungusha ufunguo mara tatu. Nikamwambia azungushe tena. Akakataa.

"Mama, mi nawaza mazutu iko na..."

"Mazutu! Njo pale nilikuwa nakungojea! Umeuzisha mazutu, ukaweka maji mu nafasi yake!"

Watu walisimama. Mukasine, jirani yangu, ambaye hata kwenye mazishi hawezi kufunga mdomo, alifika mbele kabisa ili asikose neno.

"Mama, acha nikuelezee," Callixte alisema.

"Hapana kunielezea kitu! Leta ufunguo!"

Aliuweka mkononi mwangu, akachukua koti lake, akateremka kwa miguu. Kwetu, dereva aliyeitwa mwizi wa mazutu mbele ya kanisa hapati tena usukani kwa mtu yeyote. Nililijua hilo wakati nalisema, na nikalisema.

Basi shida zikawa zangu. Vijana wakasukuma gari hadi uani kwangu, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja alisema ni betri. Mwingine alisema ni pampu imekufa, nitafute nyingine Goma. Mukasine alisema ni jicho la mtu. Nilimwambia kama jicho linaweza kuzima gari, lake lingekuwa limeshazima magari yote ya Masisi.

Fundi Patient alitoka Karuba kesho yake na pikipiki, akiimba puani kama mtu aliyealikwa sherehe. Jibini zangu zilikuwa zinatoka jasho kwenye rafu, na yeye akaanza kuwasha taa za gari na kuzizima.

"Taa zinafanya nini? Gari haiwake!"

"Naangalia batri, Mama. Batri iko na nguvu." Akaniweka kwenye kiti cha dereva. "Zungusha kidogo. Vizuri. Demarere, ile yenye kuzungusha moteri, nayo iko mzima. Sasa moshi: mu eshapoma hamutoke moshi hata kidogo. Basi mazutu haifike mu moteri."

"Si nilikuambia hivyo jana kwa telefone?"

"Mama, kwa telefone sioni moshi."

Nilitaka kumpiga na kiatu. Akaweka sikio karibu na pampu, akaniambia nifungue ufunguo bila kuwasha. Kitu kikalia *tik*. Akatikisa kichwa kwa furaha: ile vali inayofungulia pampu mazutu ilikuwa nzima. Akalegeza nati za mabomba yanayopeleka mazutu kwenye mitungi ya injini, nikazungusha tena kidogo tu, na badala ya mazutu yakatoka matone meupe yenye povu. Hapo akaacha kuimba.

Akaomba chupa ya kioo. Akafungua skrubu ya chini ya filta, chupa ikajaa uji wa rangi ya kahawa yenye maziwa.

"Sasa tungoje," akasema, akakaa juu ya jiwe.

Tungoje! Nilizunguka lile gari mara ngapi sijui. Niliporudi, vitu vilikuwa vimejitenga ndani ya chupa kama krimu na maziwa: mazutu juu, maji chini.

Nikapiga makofi. "Maji! Nilisema! Mwizi yule!"

Patient alivuta yale maji ya chini kwa sindano, akayamwaga kwenye kisahani, akanisogezea. "Nusa, Mama."

Vipande vidogo vyeupe vilikuwa vinaelea. Nikanusa. Nyuma ya harufu ya mazutu kulikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, harufu ya jiko langu mwenyewe.

Nikakumbuka Jumatano. Nilikuwa nimemimina maji ya moto ndani ya bidoni, natikisa, Francine, msaidizi wangu, akapiga kelele kwamba maziwa yanafurika. Nikafunga kifuniko, nikakimbia. Niliporudi nikampa Callixte bidoni, maji yakiwa bado ndani. Na yeye hakuangalia, kwa sababu ni nani anaangalia usafi wa chombo cha Mama Libérata?

"Mwenye kuendesha alizungusha mara ngapi?" Patient aliuliza.

"Tatu. Akakataa ya ine."

"Basi njo alikuokolea pompe. Angelazimisha, maji ingeikula. Nitamwaga tangi, nibadirishe filtre, itawaka."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikaenda vile vile na mabuti yangu ya jikoni. Nilimkuta Callixte akipalilia viazi na mkewe, Uwimbabazi, ambaye hakunisalimu.

"Callixte, ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Aliegemea jembe. "Mara gani, Mama? Ya kwanza, ya pili, ao ya tatu?"

"Yote."

"Ni kitu moja. Mwisho ya bidoni ilitoka nyeupe. Nilitaka tumwage tangi mbele ya kuwasha."

Sentensi mbili tu. Zisingenichukua muda hata wa kukoroga maziwa. Nikamwambia kosa ni langu, arudi kwenye gari.

"Ulisema kwa kanisa, Mama," alijibu, akaendelea kupalilia.

Jumapili baada ya misa nikasimama pale pale gari liliposimama. "Watu wangu, juzi nilisema hapa ya kwamba Callixte..."

"Mwizi!" Mukasine akadakia. "Tulijua, Mama! Hata ile mwaka..."

"Hapana, mimi nataka kusema..."

"Usijisumbue kutuelezea! Maderiva wote njo vile!"

Nilifungua mdomo tena, akanikata tena. Watu wakaanza kucheka na kuondoka. Nikatamani kulia.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, polepole, neno moja moja, na safari hii niliyangoja maneno yote yafike.

"Mumuache Mama amalize," Callixte alisema.

Wakanyamaza, nikaanza upya.