Sanduku la Fundi Randu

Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na mwaka ule wa themanini na nne nilikuwa nimeapa: siku nitakayomshika Musyoka na chuma changu, siku hiyo hiyo anarudi kwao Kitui na hakanyagi tena gereji yangu. Miaka mitatu tulifanya kazi pamoja pale Shella, na mkono wake, kusema kweli, ulikuwa mzuri kuliko wangu. Lakini vitu vilikuwa vinapotea. Leo spana, kesho koleo. Nani mwingine? Tulikuwa wawili tu. Basi nikalitia kufuli sanduku la vyombo, ufunguo nikauvaa shingoni, na yeye nikamwambia nawaogopa wezi wa mtaani. Akaitikia sawa, bila kuuliza neno. Hata kule kutouliza kwake nikaona kuna jambo.

Wiki moja Bhikhubhai, kijana wa mzee Gokaldas mwenye duka la vitambaa, akatuletea gari lake la michezo, jekundu, milango miwili, pua ndefu. Alitaka tulishushe nyuma, likae chini chini kama paka anayevizia, maana Jumamosi alikuwa akimpeleka mamake harusini Mombasa na alitaka watu wageuze shingo. Kazi yenyewe si ngumu. Unatoa springi, unakata mzunguko mmoja kwa msumeno wa chuma, unairudisha. Gari linashuka, na chuma kilichobaki ni kigumu vile vile. Na kwangu kuna desturi: kipande kilichokatwa anapewa mwenye gari mkononi, kimefungwa kwenye gazeti, aone kwa macho yake alichofanyiwa.

Alhamisi asubuhi nikaletewa habari kwamba shangazi yangu wa Jilore amefariki. Nikaondoka kama nilivyo, nikimwambia Musyoka gari liwe tayari Ijumaa saa nne. Nilirudi Ijumaa alasiri, nimechoka na mazishi, nikakuta gari limeshachukuliwa. Nikamwuliza kama Bhikhubhai alipewa vipande vyake.

"Hakuna vipande, bwana Randu," akasema, akinitazama usoni. "Ilibidi ni…"

Nikamwambia nimesikia, yatosha. Hakuna vipande! Springi mbili zimekatwa, vipande viwili vimeingia ardhini? Nikazunguka gereji nikinusa kama mbwa. Mtungi wa gesi ya kuchomelea, niliouacha umejaa, mshale wake ulikuwa karibu na sifuri. Sakafu ilikuwa imeungua, nyeusi ti. Ehe, nikasema moyoni, sasa na gesi yangu anaiuza, anachomelea watu vitanda nikiwa matangani. Nikamtazama anavyonawa mikono, taratibu, kama mtu asiye na hatia, na nikamchukia kweli kweli. Lakini sikumwambia kitu. Nilitaka ushahidi kwanza.

Na ushahidi nilijua uko wapi. Mwambire, mhunzi wa njia ya Mambrui, hununua springi za magari kufulia mapanga. Jumamosi saa mbili nilikuwa mbele ya kibanda chake, nikamwambia anionyeshe vipande alivyoletewa na yule Mkamba wangu.

Mwambire alishangaa. Musyoka hajafika kwake hata siku moja. Nikamwambia asimfichie mwizi. Akacheka, akaniuliza nina hakika gani kwamba springi zenyewe zilikatwa.

"Siku hizi wengine hawakati," akasema. "Wanaichoma kwa gesi ikiwa ndani ya gari, inalegea, gari linashuka lenyewe. Lakini chuma kilichopata moto vile kimekufa, Randu. Mimi nikitaka kukitumia lazima nikipike upya."

Nikaiona ile sakafu nyeusi. Nikauona mshale wa mtungi. Mkono ukaenda shingoni wenyewe, ukaushika ufunguo. Msumeno ulikuwa ndani ya sanduku, na sanduku nililifunga mimi, na ufunguo nilikwenda nao Jilore.

Nilikimbia mpaka dukani kwa mzee Gokaldas nikiwa sina pumzi. Akaniambia mkewe na mwanawe wameondoka saa nzima iliyopita. Sijui aliona nini usoni mwangu, maana alinipa ufunguo wa pikapu bila maswali. Nikampitia Musyoka, tukashika njia ya Kilifi. Nikamwuliza kwa nini alichoma. Akasema aliwahi kuona wanafanya hivyo Nairobi, na Bhikhubhai alimsimamia kichwani akitaka gari lake.

"Nilidhani umesahau tu kuniachia ufunguo," akasema. "Ulikuwa na msiba."

Nilikanyaga mafuta.

Tuliwakuta mbele ya Matsangoni. Gari lilikuwa limeingia kwenye shamba la mihogo, nyuma limelala upande mmoja, madigadi imekaa juu ya gurudumu na tairi limechanika. Bhikhubhai alikuwa mzima. Mamake, Taraben, alikuwa ameketi juu ya sanduku la nguo za harusi, sari imejaa vumbi, mkono wa kushoto ameufunga kwa mtandio. Ulikuwa umevimba. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Bhikhubhai akatujia akitaka kujua nani ametaka kumuua mamake. Musyoka akasogea mbele yangu.

"Ni mimi niliyezichoma," akasema.

Ningeweza kunyamaza. Kijana alikuwa ameshainua mkono. Nikamshika, nikasema Musyoka hana kosa, alichoma kwa sababu hakuwa na msumeno, na msumeno niliufungia mimi.

Taraben alikuwa akisikiliza. Akaniuliza polepole, kwa Kiswahili chake cha dukani kisicho na ubaya wowote:

"Lakini fundi, kwa nini unamfungia fundi wako msumeno?"

Nilifungua mdomo. Wale wezi wa mtaani, niliowasema mwaka mzima, hawakunijia ulimini. Musyoka alikuwa amekwisha kuinama aweke jeki chini ya gari. Akasimamisha mkono, akageuka, akanitazama, naye akingoja jibu.