Ndaga ya Eliud

Eliud alikuwa na ugonjwa wa utani, na dada yake Ikupa aliuzoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja. Akipigwa ngumi ya shavu ulingoni, Eliud husema, "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, kama aliyekaribishwa chai. Akila teke la mbavu, "Ndaga fijo, kaka." Kisha huitafuta kamera ya dada yake, hunyanyua unyusi mmoja, na Ikupa hufyatua. Hizo ndizo picha zilizogombewa studioni kwake, Kyela mjini.

Jumamosi hiyo mchana walikuwa kwenye ghala la ushirika, ambalo tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kakao lilikuwa halina hata panya wa maana. Dickson, mwenye kibanda cha video, alitandaza turubai juu ya magunia ya pumba za mpunga, akazungushia kamba za katani. Mchezo wenyewe aliutoa kwenye kanda zake: ngumi, mateke, mieleka, kabali. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya, bado na makaratasi kwenye fremu.

Mpinzani alikuwa Zebedayo, mchuuzi wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, ila mama yake Mnyakyusa wa Mwaya. Shingo hakuwa nayo; kichwa kilikaa tu mabegani.

"Anayeshindwa apige turubai au aseme basi," alitangaza mwamuzi, kijana aliyeletwa kutoka Dar, asiyejua neno la Kinyakyusa. Flashi ya Ikupa ilipowaka mara ya tatu akamgeukia. "Mama, unawapofusha. Ikiwaka tena wakiwa chini, ndugu yako kashindwa."

"Shikamoo, mwamuzi," Ikupa alijibu, na ghala zima likacheka, maana Ikupa ndiye mkubwa kwa umri.

Filamu ilibaki na picha moja. Aliiweka akiba kwa ajili ya baiskeli.

Raundi ya pili, Zebedayo alimkumba Eliud kiunoni, wakaanguka kwa kishindo, pumba zikatimka. Mkono mmoja wa Eliud ukalaliwa chini yake, wa pili ukabanwa na goti. Mkono wa Zebedayo ukaingia chini ya kidevu na kukaza.

"Ndaga," alisema Eliud.

Watu wakaangua kicheko. "Mwongezee, kaka, anashukuru!"

"Ndaga. Ndaga."

Mwamuzi aliinama, akasikiliza, akatikisa kichwa. Zebedayo naye alicheka, akakaza zaidi. Hakuna aliyependa kutaniwa mbele ya baiskeli.

Ikupa alikuwa na jicho kwenye kamera, hatua mbili kutoka kambani. Alisubiri unyusi. Haukuja. Macho ya Eliud yalikuwa wazi, yanatazama bati, na hayakuitafuta kamera. Hapo Ikupa akaelewa. Aliyebanwa koo hachagui lugha. Ile ilikuwa ndaga ya mgeni anayefunika sahani kwa kiganja: imetosha, nisiongezewe.

"Anasema basi!" alipiga kelele. "Mwachie, anasema basi!"

Nani angesikia katika kicheko kile? Akabonyeza swichi ya flashi. Betri zilikuwa za juzi. Flashi ikaanza kulia kama mbu, polepole, na kitaa chekundu cha kuonyesha iko tayari hakikuwaka. Midomo ya Eliud ikacheza bila sauti. Mguu wake ukapiga turubai mara moja, ukalegea. Ikupa akapitisha kichwa na mikono katikati ya kamba, akamwekea Zebedayo kamera mbele ya pua.

Kitaa kikawaka. Akafyatua.

Zebedayo aliachia, akajishika macho kwa mikono yote miwili. Eliud akavuta pumzi kwa sauti ya mlango wenye kutu, na kicheko kikafa kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Nilikuonya, mama," alisema mwamuzi, akaunyanyua mkono wa Zebedayo.

"Mnyanyue hata miguu," alisema Ikupa. Alikuwa ameshika kichwa cha mdogo wake, akihesabu pumzi.

Jua lilipopungua, Zebedayo alileta baiskeli mlangoni mwa ghala. "Dada, nilidhani ananitania." Akampakia Eliud kwenye keria kumpeleka kwao Bujonde, akiikokota, Ikupa pembeni. Shimo la kwanza likamrusha abiria.

"Ndaga fijo, kaka," Eliud alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Zebedayo alishika breki papo hapo, akageuka, akamtazama usoni mpaka unyusi uliponyanyuka.