Mdomo wa Tangi Uangalie Mwamba

Agizo liliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bati la stoo, herufi kubwa kuliko zile za langoni: MDOMO WA TANGI UANGALIE MWAMBA. Katika machimbo yale ya kokoto hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Jioni ukimaliza kazi, unaujaza mtambo wako dizeli pale kwenye pampu, kisha unauegesha umebana ukuta wa mwamba, upande wenye mdomo wa tangi ukiwa ndani, ili mwizi akose hata upenyo wa kupitisha mkono na mpira wake wa kunyonyea. Bosi alilipenda agizo lile kuliko mengine yote kwa sababu halikumgharimu hata senti.

Mama Stoo, aliyeshika funguo za pampu na fimbo ya kupimia matangi, alikumbuka lilivyoandikwa mara ya kwanza. Ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita, na rangi ilikuwa ya bluu. Baadaye jua liliifuta, watu wakasahau, kila mtu akaegesha alipopenda. Halafu mwezi uliopita malori mawili yakakamuliwa hadi tone la mwisho. Bosi akamleta Kamanda, mstaafu wa jeshi mwenye buti za kung'aa na sauti ya kukoroma. Kamanda alikuja na mbwa wawili, kufuli za vifuniko, nyavu za chuma za kuziba shingo za matangi, na vidude vya kupimia vinavyokaa ndani ya tangi na kutuma habari kwenye simu yake mara mbili kwa siku: jioni mtambo ukitoka pampu, na alfajiri kabla haujawashwa. Siku hiyohiyo Bosi akanunua kopo la rangi nyekundu.

Sasa simu ya Kamanda ilikuwa imelia asubuhi tatu mfululizo, kwa mtambo uleule. Buldoza. Kila alfajiri lita arobaini hazipo.

"Kufuli nzima, wavu mzima, mbwa hawajabweka," Kamanda alisema akihesabu kwa vidole. "Basi aliyeiba ana ufunguo. Na mwenye ufunguo wa kufuli ya buldoza ni mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa ameketishwa juu ya pipa tupu, mbwa mmoja kulia, mwingine kushoto. Alikuwa opareta wa buldoza, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeitwa Mpira. Jina hilo alilipata shuleni, na hakulipata kwa kucheza. Baba yake aliwahi kuiendesha buldoza hiyohiyo na akakamatwa kwa kunyonya dizeli. Watoto wakamwita mwanawe Mpira wa Dizeli, kisha wakafupisha. Naye akakua nalo hivyohivyo, kama mtu anavyokua na kovu usoni.

"Kamanda, nakuapia, sijagusa hata tone," Mpira alisema.

"Hata baba yako aliapa," Bosi alijibu kutoka kivulini mwa gari lake. Alisema polepole, kama mtu anayeongea na ng'ombe. "Ukoo wenu mna viapo vingi. Gari la polisi litafika saa nne. Utaapa huko."

Mpira akatazama njia ya langoni. Alijua huko ni wapi. Baba yake alipelekwa huko akitembea, akarudishwa amebebwa kwenye blanketi, mgongo umevunjika mahali pawili, na mkojo wake ulikuwa mwekundu kwa miezi minne hadi alipozikwa. Hakuna aliyeulizwa habari ya mgongo ule. Dizeli ya tajiri ikipungua wanatafutwa mbwa na mashahidi na makopo ya rangi. Mgongo wa opareta ukivunjwa, hapana hata mtu wa kuandika kwamba ulikuwepo.

"Mama Stoo!" Kamanda aliita. "Lete fimbo. Polisi watataka shahidi wa pili, wasiseme ni simu tu. Pima, useme ulichokiona."

Mama Stoo alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai, kikombe cha bati kisichomtoka mkononi asubuhi. Yeye ndiye aliyemwombea Mpira kazi miaka mitatu iliyopita. Watu walimsifu, wakasema yule mama ana huruma, kamkumbuka yatima. Alizipokea sifa hizo akitazama chini.

Akachukua fimbo, akaomba ufunguo. Mpira alimpa bila kuinuka, maana mbwa walikuwa wanamwangalia magoti.

"Mama yangu," alimwambia, "pima vizuri tu. Mimi nakuamini wewe."

Nafasi kati ya buldoza na mwamba ilikuwa finyu. Ilimbidi aingie kwa ubavu, tumbo likisugua chuma, mgongo ukisugua jiwe. Juu yake mwamba ulikuwa na nyufa, na kila mara changarawe chache zilidondoka na kutua begani mwake. Aliweka kikombe juu ya bati linalofunika mnyororo wa mtambo. Akafungua kufuli, akapitisha fimbo nyembamba kwenye tundu la wavu hadi ikagonga chini. Akaitoa. Dizeli ilikuwa imeishia vidole vinne chini ya alama ya kujaa.

Imepungua. Ilionekana kwa macho.

Alipogeuka kuchukua kikombe, akakitazama tena. Chai ilikuwa imeegemea upande. Huku kwenye mwamba ilikuwa chini sana, inaonyesha bati la kikombe. Kule nje ilikuwa imefika ukingoni, kidogo imwagike. Akainama. Chini ya mnyororo wa upande wa mwamba palikuwa na lundo la mawe, yale yanayodondoka kila siku na ambayo hakuna anayeyazoa. Mtambo wote ulikuwa umelala kama mtu aliyeegemea kiwiko. Na tangi lile lilikuwa refu, limetanda kwa upana nyuma ya kiti, mdomo wake mwisho kabisa upande wa mwamba, kidude cha Kamanda kikining'inia papo hapo. Dizeli ilikuwa yote ndani. Ilikuwa imekimbilia upande wa pili tu, kama chai.

Hapo ndipo viatu vilipomrudia.

Viatu vya kitambaa, vyeupe, alivyovaa jioni moja miaka kumi na mmoja iliyopita. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amepima kwa fimbo hiihii, palepale ukutani, kwa mara ya tatu, akasema, "Imepungua, Bosi." Wakamchukua baba yake Mpira. Jioni opareta mwingine akaileta buldoza, ambayo haikuwa imefanya kazi siku hiyo, kwenye pampu, pale tambarare, na Mama Stoo akaanza kujaza zile lita arobaini. Tangi likafurika kabla ya wakati wake. Dizeli ikamwagikia viatu vyake, nyingi, baridi. Tangi lilikuwa limekataa lita arobaini kwa sababu tayari lilikuwa nazo. Hakuelewa zilivyorudi, lakini alielewa kwamba hazikuibwa. Na siku mbili tu kabla ya hapo Bosi alikuwa amempa funguo za stoo.

Viatu alivichoma moto. Polisi hakwenda kusema.

"Inasemaje?" Kamanda alipiga kelele kutoka upande wa pili.

Changarawe zikadondoka. Mama Stoo aliifuta fimbo kwa kitambaa, mara ya kwanza, mara ya pili, ilhali ilikuwa imeshakauka. Akikubali kwamba imepungua, leo jioni atakunywa chai nyumbani kwake kama siku zote. Akisema haikuibwa, hataishia ya leo; itambidi aseme na ya baba yake Mpira.

"Wewe mama, umelala huko?"

Akatoka kwa ubavu, kikombe mkononi. "Usogezeni mtambo," alisema.

"Nimekuuliza inasemaje."

"Usogezeni tambarare, kwenye pampu. Nipime tena. Mbwa wako na waende nao, ukiogopa."

Madereva wa malori walikuwa wameshuka, wanatazama. Kamanda alimgeukia Bosi, Bosi akapunga mkono kwa kuchoka. Mpira akapanda, akawasha, moshi mweusi ukapanda ukutani. Buldoza ikashuka kutoka kwenye lundo la mawe kwa kishindo, ikatambaa hadi pampu. Mama Stoo akapima mbele ya macho yao wote. Fimbo ikatoka imelowa hadi alama ya juu. Kamanda akabonyeza simu yake kukiamuru kidude kipime upya, akabonyeza tena. Simu nayo ikasema limejaa.

"Kamanda!" Alikuwa dereva mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hajui kuzima. "Mwizi wako ni lile lundo la mawe! Lifunge pingu kabla halijatoroka!"

Watu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Hata mbwa mmoja alitikisa mkia. Bosi akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Haya, basi. Kosa la kiufundi. Liondoeni lile agizo. Kila mtu kazini."

Alimaliza hapo. Neno la pole halikumfikia ulimini. Lakini Mpira hakushuka. Alikuwa amekaa kitini, injini inanguruma chini yake, anautazama ukuta.

"Mama," aliita, na kicheko kikakatika. "Baba yangu alikuwa anaegesha wapi?"

"Palepale."

"Na aliyepima?"

"Mimi. Kwa hii."

"Umejua leo?"

Mama Stoo alihisi miguu yake imelowa, ilhali ilikuwa mikavu. Angeweza kusema ndiyo. Wote wangemwamini, na huyu kijana angekuwa wa kwanza.

"Sikujua kwa nini hadi leo," alisema. "Lakini kwamba hakuiba, nilijua jioni ya siku ileile aliyochukuliwa. Siku iliyofuata nilimwambia Bosi tangi limefurika. Akaniambia nitunze funguo zangu."

Redio alikuwa amezima. Bosi aliacha kutabasamu, akaanza kutembea kuelekea gari lake, si kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka shughuli mjini.

Mpira hakumtukana yeyote. Aliiondoa buldoza pale pampu, akapita kati ya malori, watu wakimpisha, hadi langoni. Akaigeuza ikaziba lango zima. Akashusha lile koleo kubwa la mbele taratibu hadi likauma ardhi. Akazima injini, akatoa ufunguo, akautia mfukoni. Nyuma yake lori moja likazimwa, halafu jingine, na mashine ya kusaga kokoto ikasitasita, ikakohoa, ikanyamaza. Machimbo yale hayakuwahi kuwa kimya saa hiyo ya asubuhi. Mawe yalisikika yakidondoka ukutani.

"Mama Stoo," Mpira alisema akishuka, "usiende nyumbani. Utayasema tena haya, yote, mbele ya polisi na ya watu wote hawa, yaandikwe."

"Siendi."

"Wala wewe, Bosi."

Kamanda alishika mikanda ya mbwa wake, akawahesabu madereva kwa macho, kisha akahesabu mbwa.

Saa nne kasoro, gari lililoitwa kumchukua Mpira likafika upande wa nje wa lango. Likapiga honi mara mbili. Hakuna aliyejongea. Likapiga tena, ndefu, isiyokatika, na mlango wa gari ukasikika ukifunguliwa, halafu wa pili, wa tatu, wa nne. Mama Stoo aliweka kikombe chini, akaishika fimbo kwa mikono miwili, akaenda kusimama kando ya Mpira.