Kiraka cha Visanduku Saba

Ilikuwa wiki ya nne Fundi amelala chali. Alivunjika paja alipoteleza kwenye ngazi za duka la vitambaa, na tangu siku hiyo mguu wake wa kulia ulivutwa kwa kamba iliyopita juu ya kapi, ikaning'inia na mfuko wa mchanga nyuma ya kitanda. Kugeuka ubavu, hawezi. Kuketi wima, hawezi. Dari aliijua kuliko uso wake mwenyewe: madoa kumi na manne ya unyevu, moja lina umbo la mkono wa shati. Mwanamke aliyezoea kukanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jua linazama, sasa hata nzi akimtua gotini alimtazama tu.

Asubuhi hiyo uvumilivu ulimwishia.

"Sista, niletee ile fomu ya kujitoa hospitali. Nakwenda kwangu."

Muuguzi aliweka chini trei ya dawa. Hakufoka. Alimtengenezea mto kwanza, ndipo akasema, "Zimebaki wiki mbili, dada. Daktari alikwambiaje?"

Fundi alikumbuka vizuri. Mfupa ukijiunga kombo, mguu utakuwa mfupi, na dawa yake ni kuuvunja tena. Cherehani yake ni ya miguu miwili.

"Nitakanyaga kwa mguu mmoja," alisema. "Bora kiwete anayetembea kuliko mzima aliyefungwa kama mbuzi."

Muuguzi alileta fomu na kalamu ya wino, akamwekea kifuani. "Daktari anapita saa nane. Ukiweka sahihi, mpe yeye mwenyewe, mimi mkono wangu hautaipokea." Akaenda zake, lakini kabla ya kutoka alirudi kuvuta pazia ili jua lisimpige Fundi machoni.

Kwenye kitanda cha pili, umbali wa mkono mmoja, alilala Mwalimu. Alikuwa mama mstaafu wa miaka sabini na kitu, aliyeanguka akitundika saa ukutani. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye plasta kuanzia mabegani mpaka vidoleni, kama magogo mawili yaliyopakwa chokaa. Miguu alikuwa nayo, lakini aliambiwa asinyanyuke peke yake.

"Fundi."

"Abee, Mwalimu."

"Kabla hujaondoka, nikune pua. Inanila tangu alfajiri."

Fundi alikunja gazeti la juma, lililoletwa na mkwewe Mwalimu, akanyoosha mkono na kumkuna kwa ncha yake. Mwalimu alifumba macho kwa raha.

"Kushoto. Hapo hapo. Mungu akupe cherehani ya umeme. Sasa likunjue, kuna fumbo la maneno ukurasa wa nyuma. Wiki ya tatu hii nalitazama kama fisi anavyotazama bucha lililofungwa. Akili ninayo, mikono sina. Wewe mikono unayo."

"Na akili sina?"

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

Fundi alicheka, jambo ambalo hakulitarajia. Saa nane ilikuwa mbali. Alichukua kalamu ya fomu, akaliinua gazeti juu ya uso wake, akasoma: "'Ndani ya soka punda amefungiwa cha kubebea mboga. Herufi nne.' Mwalimu, huyu aliyeandika ni mzima?"

"Mzima sana, ila ni mjanja. Kila dokezo lina vipande viwili. Kimoja kinakupa maana, na hapa ni cha kubebea mboga. Kingine kinakuonyesha njia ya kulijenga neno, na hicho husema uongo mtupu ukikisoma kama hadithi. Msahau punda. Tazama herufi tu. Ndani ya 'soka punda' kumefungiwa nini?"

Fundi alitazama. Soka, punda. Ghafla akaona mwisho wa neno moja umeshikana na mwanzo wa jingine, kama vitambaa viwili kwenye mshono.

"Kapu!"

"Andika, mwanangu, na usipige kelele, tutafukuzwa."

"Nifukuzwe? Ndilo ninalolitaka!"

Waliendelea. Mwalimu alieleza bila haraka, na Fundi alipokosea hakumwambia amekosea. Alisema tu, "Hebu lisome tena." Dokezo la namba tisa, kwenda kulia, lilisema: "Simu, kisha toa machozi: eleza kisa. Herufi saba."

"Hapa hakuna kilichofichwa," alisema Mwalimu. "Ni kuunganisha. Simu inabaki simu. Kutoa machozi ni nini?"

"Ni kulia... Lia. Simu, lia. Simulia! Ndiyo kueleza kisa!"

Akatafuta visanduku saba vilivyo wazi, akavipata, akaandika.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kukwama.

"Namba nne, kushuka chini," Fundi alisoma. "'Lima, kisha geuza: ndio utajiri.' Herufi nne."

"Geuza silabi, kama watoto wanapocheza maneno ya kinyume. Li-ma."

"Ma-li. Mali!" Fundi aliinua kalamu, kisha akasita. "Haiingii. Herufi ya tatu ni L, lakini kwenye kisanduku hicho pana M ya simulia."

"Haiwezekani."

"Ndivyo ilivyo, Mwalimu."

Wakajaribu neno jingine, nalo likagoma. Wakajaribu la tatu. Kule mlangoni kitoroli cha chakula kilipita na kurudi. Mwalimu aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Labda na kichwa nacho kimevunjika, hawakukiona tu kwenye picha. Liache, mwanangu. Mafumbo haya nilikuwa nayamaliza kabla chai haijapoa."

Akageuza uso kuelekea ukutani. Ndicho kitu pekee alichoweza kugeuza.

Fundi aliliinua gazeti tena. Yeye mguu umefungwa, lakini huyu mama alibakiwa na kichwa tu, na sasa anakitilia shaka. Akapitisha ukucha juu ya visanduku, kimoja kimoja, kama anavyokagua pindo lililovuta. Kwenye kona ya kisanduku cha kwanza cha simulia palikuwa na tarakimu ndogo kama chawa. Alikaza macho. Kumi na moja. Namba tisa ilikuwa mstari wa juu yake, visanduku saba vile vile, vitupu.

Alikuwa hakusoma namba. Alihesabu nafasi, akaona neno linaenea, akaliingiza. Fundi wa nguo huamini kipimo.

Angeweza kukaa kimya. Saa nane ilikaribia, na fomu ilikuwa pale pale kifuani.

"Mwalimu, kichwa chako ni kizima. Kosa ni langu. Simulia nimeishonea nguo ya mtu mwingine."

Akaeleza. Mwalimu alisikiliza, plasta zikaanza kutikisika kwa kicheko mpaka kitanda kikalia. "Yaani mtu umempima, amekutosha, ukamwingiza nyumba ya jirani! Haya, futa."

"Ni wino."

"Basi tumekwisha."

"Fundi hatupi kitambaa. Hufumua, na kisichofumulika hutiwa kiraka." Akatazama huku na huku. "Ila nahitaji karatasi nyeupe."

Karatasi nyeupe aliyoifikia ilikuwa moja tu. Aliishika. Pale chini, juu ya mstari wa sahihi, palikuwa patupu na pasafi. Alifikiri nguo ngapi amezifumua maishani, usiku kucha nyingine, na mteja asijue. Wino unatiwa kiraka. Mfupa uliojiunga kombo hautiwi.

"Sista!" aliita. "Niazime mkasi wa bendeji. Na plasta kidogo ya kubandika."

Muuguzi alikuja, akaona kinachotaka kukatwa, akatoa mkasi mfukoni. Plasta alikata mwenyewe, vipande vinne vyembamba, akavibandika kwenye chuma cha kitanda ambapo Fundi angevifikia. Kisha akashika gazeti ili lisicheze. Fundi alikata kwenye fomu ukanda unaotosha visanduku saba, akaupima kwa jicho, akaubandika juu ya kosa, akachora mistari upya. Simulia akaiandika mahali pake. Mali ikaingia bila kusukumwa.

Saa nane daktari alisimama miguuni pa kitanda, akagusa kamba, akatazama mfuko wa mchanga.

"Nimeambiwa unatuacha. Fomu iko wapi?"

"Tumeifanya kiraka, daktari."

Daktari alimtazama muuguzi. Muuguzi alikuwa akitazama dirishani kwa bidii sana.

Walipoondoka, wodi ilitulia. Mguu ulivuta vile vile. Doa lenye umbo la mkono wa shati lilikuwa pale pale, na siku kumi na nne ni siku kumi na nne. Fundi akaliinua gazeti tena juu ya uso wake.

"Imebaki ile kumi na moja," alisema Mwalimu taratibu. "Soma."

"'Katika mila, ngoma inaficha ya kufungua na kufunga. Herufi saba.'"

"Ahaa. Hili..."

"Usiniambie, Mwalimu," alisema Fundi. Akahakikisha namba kwanza, kisha akaandika juu ya kiraka, herufi kwa herufi: MILANGO.