Mlinzi wa Kwa Angwenyi

Wezi walipobeba mtungi wa gesi wa Esnah, siku chache baada ya kubeba kuku, mumewe Angwenyi alimpigia simu Sanjay, muuzaji wa kamera na ving'ora huko Kisii mjini. Sanjay alifika nyumbani kwao, nje kidogo ya Keroka, akapewa chai na ndizi za kuchemsha, kisha akapanga vifaa vyake mezani.

Alikuwa akieleza jinsi king'ora kinavyolia mtu akigusa lango, wakati Nyangate, mama yake Angwenyi, alipotoka kaburini kwake nyuma ya migomba. Alikung'uta udongo kwenye sweta, akaketi karibu nao.

"Hiki kinafanya nini?" akauliza.

"Mwizi akija kinapiga kelele, Mama," Sanjay akasema.

"Hata mimi napiga kelele."

"Stima ikipotea, kina betri."

"Mimi situmii stima."

Sanjay alifikiri kidogo. Alikuwa mfanyabiashara mwaminifu. Akakiri kwamba hakuwa na kitu cha kushindana na huyo mama, akamuuzia Esnah tochi, akamaliza chai yake na kurudi mjini.

Esnah ndiye aliyesita. "Na akianza kunifundisha kusonga ugali?"

"Atakaa langoni," Angwenyi akamhakikishia.

Nyangate alianza kazi jioni hiyo hiyo, na alikuwa mlinzi mzuri. Hakupiga yowe tu. Aliwaita wezi kwa majina yao na ya mama zao, akawakumbusha ni nani aliyewanunulia viatu vya shule. Vijana waliokuwa wakisumbua kijiji waliona haya, wakahamia Keumbu.

Shida ilianza siku ya kuchuma majani chai. Angwenyi aliamka mapema, akajitwika kikapu mgongoni, akaingia kwenye michai ya upande wa chini.

"Mwizi!" Nyangate akapaza sauti. "Mwizi! Ni Angwenyi, mtoto wangu mwenyewe!"

Majirani walikuja mbio na marungu. Walipoona kweli ni Angwenyi, walimsalimia, wakamuuliza habari za watoto, wakarudi makwao.

Michai ile ilikuwa ya Nyamusi, mjane wa ndugu yake. Baada ya mazishi ya ndugu huyo, Angwenyi aling'oa miti ya mpaka akaipanda upya karibu na jiko la Nyamusi, karibu kiasi kwamba mama wa watu sasa huingia jikoni kwa ubavu. Kijiji kizima kilijua na kikanyamaza. Nyangate wakati huo alikuwa ameshakufa, hakuulizwa.

Angwenyi akamwita tena Sanjay. "Imeharibika," akalalamika. "Inanililia mimi."

Sanjay alimkagua Nyangate kwa heshima. "Mama, unamwona vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi haina shida," Sanjay akamwambia Angwenyi. "Imeona mtu kwenye shamba lisilo lake, ikalia."

"Huwezi kuizima?"

"Kamera ningeizima. Huyu ni mama yako."

Wazee wa kijiji wakaitwa. Walikunywa soda za Angwenyi, wakaamua kwamba marehemu hawezi kuwa shahidi katika kesi ya shamba. Hata hivyo, walimruhusu aendelee na ulinzi, kwa kuwa tangu aanze, kuku wa kila mtu walikuwa salama.

Jioni moja Nyamusi alimpelekea mama mkwe wake uji pale langoni. Nyangate akainama, akaunusa mvuke.

"Mama, umepiga kelele mpaka sauti imekauka," Nyamusi akasema. "Utamtoa lini kwenye chai yangu?"

Nyangate alitazama chini. "Nimejaribu kumshika shati, mwanangu. Mkono unapita tu. Mimi ni wa kupiga kelele."

Nyamusi alikaa naye mpaka uji ukapoa, kisha akaunywa mwenyewe.

Siku hizi Angwenyi huchuma akiwa ameziba masikio kwa pamba. "Mwizi!" ya kwanza ikisikika, watoto wa kijiji huamka kujiandaa kwenda shule, na majirani hutoka kukamua ng'ombe. Nyamusi naye huwasha moto, akabandika maji ya chai. Majani huyanunua dukani.