Sabuni ya Marlys

"Nionyeshe ufa uko wapi."

Mhandisi Dewey Beaulieu aliitupa karatasi mezani, ikateleza mpaka ikagota kwenye kikombe cha kahawa. Marlys Kinnunen, mwandaaji wa ripoti wa ofisi yao ya uhandisi, aliishusha miwani kutoka utosini, akaiinamia. Ilikuwa picha ya kumi na nne katika ripoti aliyoituma juzi kwa wenye jengo la kuegeshea magari, lile la mteremkoni, karibu na uwanja wa barafu. Palikuwa na boriti ya ghorofa ya pili, na juu yake kadi ndogo ya plastiki yenye mistari, ile ambayo wahandisi huibandika kando ya ufa ili upana wake usomeke. Kadi ilionekana barabara, tarakimu zake zote zikihesabika. Kando yake zege lilikuwa laini kama maziwa yaliyoganda.

"Ufa ulikuwepo," alisema Marlys. Kidole chake kilikuwa kikipapasa karatasi.

"Najua ulikuwepo. Niliupiga picha mimi. Asubuhi wamenipigia simu, wamejaa chumba kizima, spika wazi. Yule msimamizi wao ananiuliza, 'Mzee, hii kadi yako inapima nini hapa, hewa?' Wakaangua kicheko. Miaka thelathini na moja, Marlys! Nimelala chali kwenye tope la chumvi mpaka mgongo umeota kutu, na hakuna aliyewahi kuniambia nimemuuzia ufa ambao haupo."

Hakupaza sauti. Viatu vyake vilikuwa vimeacha nyayo nyeupe za chumvi ya barabarani, ile inayomwagwa kuyeyusha barafu, kutoka mlangoni hadi mezani. Marlys aliona ni afadhali angepiga kelele.

Alifungua kabati la picha asilia katika kompyuta. Alikuwa na mazoea, ambayo wenzake waliyaona ya kizee, ya kutotupa picha yoyote kama ilivyotoka mkononi mwa mpigaji. Mazoea hayo aliyatoa katika chumba cha giza cha gazeti moja la hapo mjini Duluth, kando ya ziwa, ambako kwa miaka ishirini na miwili alisafisha picha za watu kwa dawa na brashi ya unywele mmoja, hadi gazeti lilipofunga chumba hicho na kumkabidhi saa ya ukutani.

Picha asilia ikafunguka. Ilikuwa na giza na chenga tele, kama zilivyo picha zote za simu zinazopigwa chini ya ngazi mwezi wa Januari. Na ufa ulikuwepo. Ulianzia kwenye kona ya boriti, ukapita chini ya kadi, ukatokea upande wa pili na kushuka hadi pale ambapo kutu ya nondo ilikuwa imeanza kulia machozi ya rangi ya chai.

"Haya," alisema Dewey. "Huo hapo. Sasa umekwenda wapi?"

Marlys alikisogeza kipanya hadi kwenye kitufe kilichoandikwa SABUNI, akabonyeza.

Kitufe hicho alikitengeneza yeye. Tovuti za wateja zilikataa ripoti yoyote iliyozidi megabaiti kumi, na wahandisi walileta picha nzito, chafu, arobaini kwa mpigo. Akafunga hatua zake saba chini ya kitufe kimoja: kung'arisha, kuondoa chenga, kulainisha, kunyoosha, kukata, kupunguza, kubana. Ofisi nzima ikakipenda. Kwenye sherehe ya Krismasi, mkuu wa ofisi, Brent Lofgren, alimletea keki yenye umbo la kipande cha sabuni, watu wakapiga makofi, naye akaona haya kwa furaha. Ripoti zaidi ya mia nne zilikuwa zimekwisha kuogeshwa.

Sasa, kwa mara ya kwanza, alikitazama kikifanya kazi bila kupepesa. Picha ikang'aa. Chenga zikatoweka. Kadi, kwa kuwa kingo zake zilikuwa kali, ikabaki imara. Mashine ikaupima ule mstari mwembamba wa ufa, ikauona ni chenga kama chenga nyingine, ikaupangusa. Haikuchukua hata nukta mbili.

"Mungu wangu," alinong'ona Dewey. Akavuta kiti, akaketi. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

Hasira ilimpanda Marlys polepole, kama maji yanavyopanda katika orofa ya chini ya nyumba. Kwanza ilikuwa juu yake mwenyewe, na ilikuwa chungu. Kisha akakumbuka jambo, nayo ikabadilika rangi. Miaka miwili nyuma alikwenda kwa Brent akamwomba picha za nyufa zisipitishwe kwenye Sabuni, kwa sababu macho yake ya chumba cha giza yalimwambia kuna kitu kinapotea. Brent alitabasamu. "Marlys, nani anasoma picha? Watu wanasoma muhtasari."

Naye Marlys akarudi mezani kwake bila kubisha. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba alirudi mezani.

Brent aliingia saa tisa na nusu, mkononi sahani ya vipande vya keki ya ndimu. Hakuwa mtu wa kufoka. Maovu yake yote aliyatenda kwa upole, na mara nyingi kwa chakula.

"Chukueni, mke wangu kaoka. Dewey, rafiki yangu, pole na ile simu." Akaweka karatasi moja kando ya sahani. "Nimezungumza nao. Hawana kinyongo. Wanataka neno moja tu libadilike. Badala ya 'ufa wa kimuundo', tuandike 'alama ya juujuu'. Unasaini hapo chini, kabla ya saa kumi na moja, mambo yanakwisha."

"Na ghorofa ya pili?"

"Inafunguliwa kesho. Wana mashindano ya watoto ya mpira wa magongo barafuni, Dewey. Timu kumi na sita. Unataka waegeshe wapi, ziwani?"

"Nimeandika ifungwe mpaka boriti iegemezwe. Kesho yatapanda pale malori ya baba zao, yamejaa barafu na mabegi. Nisaini kwamba macho yangu ni mabovu?"

"Hakuna aliyesema mabovu. Yamechoka kidogo. Yangu pia."

"Brent," alisema Marlys, "ufa upo. Sabuni ndiyo iliyoufuta. Njoo uone."

Brent hakuja. Alisimama pale pale na sahani yake, na katika kule kutokuja Marlys akatambua kwamba mtu huyu alikuwa anajua, labda tangu asubuhi, labda tangu miaka miwili iliyopita.

"Sikiliza," alisema Brent, sauti yake ikiwa laini kuliko keki. "Tukisema picha zetu hufuta nyufa, hatusemi juu ya picha moja. Tunasema juu ya ripoti mia nne. Shule. Makanisa. Zote zitarudi mlangoni hapa, na jina litakaloandikwa juu yake ni lako, dada yangu, si langu. Nakulinda."

"Unanilinda!"

"Kula keki, Marlys."

Akaondoka, akiiacha karatasi. Dewey aliikunja mara mbili, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi siku zote. Meza ikatulia.

"Mimi sisaini," alisema. "Watanifukuza, basi. Lakini kesho malori yatapanda tu, maana ripoti waliyo nayo ina picha safi. Picha ndiyo inayosema."

Saa kumi na dakika tano. Nenosiri la tovuti ya mteja lilikuwa la Marlys. Ripoti zote zilipitia mikononi mwake. Akaitoa picha ya kumi na nne, akaweka ile asilia, yenye giza, chenga, kutu na kila kitu. Chini yake akaandika: "Picha hii haikuhaririwa. Ufa haukuonekana katika ripoti ya awali kwa sababu niliufuta mimi, si mhandisi. M. Kinnunen." Akabonyeza kutuma.

Maandishi mekundu yakajibu: faili ni nzito mno. Megabaiti karibu kumi na tano.

"Ibane," alisema Dewey.

"Nikiibana, ufa utapotea tena."

Akaanza kupekua kurasa akitafuta mafuta ya kukata. Picha za boriti na nguzo zilikuwa zimekonda zote, mifupa mitupu. Ndipo alipofika jaladani. Lilikuwa ziwa wakati wa mapambazuko na daraja la kunyanyuka limeinua mikono, picha aliyoipiga Brent mwenyewe na kuamuru isiguswe na Sabuni, kwa kuwa jalada ndilo uso wa kampuni. Peke yake ilimeza zaidi ya theluthi ya ripoti. Ukurasa wa pili kulikuwa na Brent, mikono kifuani, akitabasamu, kila unywele wa kidevu ukionekana.

Marlys aliitazama picha hiyo kwa muda. Miaka yote alikuwa akizikondesha nyufa ili ziwa linenepe.

"Mwanaharamu," alisema, taratibu na kwa ufasaha, na Dewey, ambaye hakuwahi kumsikia akitukana, akageuka.

Akalifuta ziwa. Akalifuta daraja. Akalifuta tabasamu. Uzito ukaporomoka hadi tisa na kidogo.

"Unafanya nini, Marlys?" Brent alikuwa amesimama mlangoni, koti amelivaa mkono mmoja, tayari kuondoka.

"Napunguza uzito wa faili," alisema bila kugeuka. "Si ndiyo kazi yangu?"

Akabonyeza. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa, ukasimama katikati kama mtu aliyesahau kitu, ukaendelea. Saa kumi na dakika arobaini na mbili tovuti ikaandika kwamba ripoti imepokelewa.

Baada ya muda simu ikaanza kulia ofisini kwa Brent. Ililia kwa muda mrefu. Brent alikuwa bado mlangoni na mkono mmoja ndani ya koti, na Dewey alikuwa ameinama akifuta chumvi ya viatu vyake zuliani kwa karatasi ya kupangusia mdomo, ingawa ilizidi tu kutapakaa.

Marlys alivuta kiti karibu na kioo cha kompyuta. Akaifungua ripoti ya kwanza kabisa kati ya zile mia nne, ngazi za shule moja ya upande wa magharibi. Katika picha ya tatu kadi ndogo ya plastiki ilikuwa imelala juu ya zege jeupe, safi, lisilo na doa, ikipima. Akaanza kuitafuta asilia yake.