Boneti ya Daktari

Mtaani walimwita Mikroni, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Lilimfaa. Alikuwa fundi wa kung'arisha rangi za magari ya kifahari, na kabla hajaligusa gari lolote kwa mashine, alipima kwanza unene wa rangi yake, boneti, milango, paa na buti, kwa kifaa kidogo cha kuenea kiganjani, kisha akaandika tarakimu kwenye daftari. Mteja akiwa na haraka, alingoja. Mteja akinuna, alingoja vilevile.

Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleza. Juu ya rangi ya gari kuna tabaka jembamba lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, na mng'aro wote unatoka hapo. Kung'arisha ni kulikwangua tabaka hilo kidogo mno hadi mikwaruzo ipotee. Kazi safi hula mikroni mbili au tatu, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Klia ikiisha, hakuna dawa wala nta ya kuirudisha. Rangi yenyewe inachomoza, gari linapelekwa kupigwa rangi upya, na habari za fundi aliyeliharibu zinafika kila karakana kabla ya wiki kuisha.

Asubuhi hiyo gari la Daktari lilikuwa limeshaingizwa ndani, jeusi, refu, limeoshwa na kukaushwa. Daktari alikuwa mpasuaji mstaafu, mwanamke wa maneno machache, na kwa miaka tisa alikuwa akimwachia Mikroni ufunguo bila kuuliza swali. Mwaka huu alikuwa analiuza. Mnunuzi angekuja kulitazama kesho yake, na Daktari alikuwa amempa neno lake kwamba rangi ni ileile ya kiwandani, haijaguswa na mtu mwingine ila Mikroni.

Aliyeliosha ni shemeji yake Mikroni, mdogo wa mkewe, mshirika wake katika karakana kwa miaka sita. Kila alichokijua kuhusu rangi alikijulia hapo.

"Shemeji, umeamka?" alitania. "Maana mimi nimeosha, nimekausha, nimebandika utepe kwenye kingo zote. Wewe bado unatafuta miwani."

"Miwani ninayo. Kifaa kiko wapi?"

"Betri imekufa. Lakini si kitu, daftari lina vipimo vya mwaka jana. Rangi haipungui kwa kuegeshwa, au nayo imeanza kufunga? Wewe piga tu. Saa saba mama wa watu yuko hapa."

Hoja haikuwa mbaya. Mikroni alifungua daftari: boneti, mia moja na nane. Alifunga sponji kwenye mashine, akawasha taa ya mkono na kuilaza karibu na boneti ili mwanga upite juu juu. Hapo akaona alama nyembamba za mviringo, zimepishana nusu kwa nusu, upana kwanza kisha urefu.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Atakuwa ameliosha kwenye zile mashine za brashi. Matajiri nao kwa ubahili!"

"Brashi inakwaruza upande mmoja. Hizi zimekwenda pande mbili."

"Haya, sasa tumeanza kuhoji brashi," shemeji alisema, akacheka peke yake.

Mikroni aliweka mashine chini, akavuka barabara hadi kwa fundi saa kununua betri. Shemeji alimfuata mpaka langoni akilalamika kwamba kazi nzima inasimama kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati. Aliporudi na kufungua mfuniko wa kifaa, Mikroni aliona kwamba betri ya zamani haikuwa imekufa. Haikuwemo.

Alipima mlango wa dereva: mia moja na kumi. Mlango wa nyuma: mia moja na tisa. Paa: mia moja na kumi na moja. Boneti, ukingoni: themanini na mbili. Boneti, katikati: sitini na nane. Alifuta ncha ya kifaa kwa kitambaa, akapima mahali palepale mara tatu. Sitini na nane, sitini na nane, sitini na tisa. Mikroni arobaini zilikuwa zimekwenda, karibu klia yote.

Alichukua mashine, akamnyooshea shemeji yake.

"Piga wewe."

"Mimi? Boneti si yako siku zote?"

"Leo yako. Hapa katikati. Pita mara mbili tu, kasi ya chini."

Shemeji aliitazama mashine kana kwamba imeletwa na polisi. "Mkono unaniuma tangu jana."

"Ulipokuwa unabandika utepe haukuuma."

Shemeji alikwenda kuegemea ukuta, pale zinapotundikwa sponji.

"Kinyesi cha ndege, shemeji," alisema hatimaye. "Kilikaa wiki nzima, kikala klia. Daktari alipiga simu wewe ukiwa safarini, miezi mitatu sasa. Nikaona nisikusumbue, nikaenda kwake. Nikapiga msasa kidogo, doa likagoma, nikaongeza. Kisha nikapitisha mashine na dawa ya kukata, ile ya kuondoa alama za msasa. Nilipoona imezidi, nikaziba alama kwa nta, ikapendeza kabisa."

"Ulimwambia umetumwa na nani?"

"Na wewe."

"Na leo ukatoa betri."

"Nilisema labda itapita. Wewe una mkono mwepesi kuliko wangu."

Mikroni aliipanga hila hiyo kichwani kama alivyozipanga sponji zake, kutoka ngumu hadi laini, na hakuona tundu. Mashine ingepita mara mbili, rangi ingechomoza chini ya mikono yake, mchana kweupe. Nani angeuliza habari za miezi mitatu iliyopita? Gari huharibiwa na aliyelishika mwisho. Shemeji yake alijua hivyo kwa sababu Mikroni ndiye aliyemfundisha.

"Usinitazame hivyo," shemeji alisema. "Hata dada alisema tusikutie presha."

"Dada yako anajua?"

Shemeji akainama, akaanza kuokota vipande vya utepe sakafuni.

Saa saba Daktari alifika. Mikroni alimwonyesha tarakimu za mwaka jana na za leo, akampimia boneti mbele ya macho yake, akamweleza kwamba hajaipitisha mashine na hataipitisha.

"Lakini ni mtu wako aliyekuja," Daktari alisema. "Alisema umemtuma."

"Sikumtuma, Daktari."

"Hilo unanieleza leo."

"Nimelijua leo."

Daktari aliinama, akaitazama boneti kwa muda, bila kuigusa. "Nimepasua watu miaka thelathini," alisema. "Msaidizi wangu akikosea, mimi ndiye niliyekosea. Sikuwahi kumwambia mgonjwa vinginevyo." Akanyoosha mkono apewe ufunguo. "Mnunuzi nitamweleza mwenyewe kwamba nilimdanganya."

Mikroni aliuweka ufunguo kiganjani mwake; yote aliyoyasema yalikuwa kweli na hayakumsaidia. Gari lilitoka langoni likiwa bado na utepe kwenye kingo zote. Shemeji alikuwa ameshaondoka kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo kitandani.

"Ulijua?"

"Nani kakwambia?" mkewe aliuliza, kisha akaona kwamba ameshajibu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyotoka kwa Daktari. Alikuja hapa analia, mtu mzima na ndevu zake. Baba watoto, yule nimembeba mgongoni. Ulitaka nifanye nini?"

"Asubuhi ulijua gari ni lipi."

"Nilijua."

"Ulinihimiza nisichelewe."

Mkewe alilaza mikono ya shati ndani, akalikunja mara mbili, akalipapasa liwe sawa. "Nilijiambia utagundua. Wewe si unagundua kila kitu?"

"Na kama nisingegundua?"

Hakuwa mwanamke wa kudanganya akiulizwa uso kwa uso. Mikroni alimwoa kwa ajili ya hilo, na mpaka saa hiyo hakuwahi kulijutia.

"Ningesema ni bahati mbaya," alijibu. "Ningekupoza. Ningekaa na wewe mpaka uisahau."

Mikroni alingoja, akidhani kuna neno jingine linakuja. Halikuja. Akainama juu ya rundo la nguo, akachambua zake moja moja, akazibeba hadi chumba cha wageni.